Karata Iliyoandikwa Nusu

Mpira wa miguu ulishindikana Mwezini. Wazee wa mwanzo, wale waliokuja kuchimba barafu na kuujenga mji wa Kitovuni, walijaribu sana. Lakini mpira ukipigwa shuti ulipaa, watu wakasubiri, ukagonga paa la mji, wakaendelea kusubiri, na kipa akapata nafasi ya kukumbuka madhambi yake yote kabla haujamfikia. Ndipo watu wakarudi kwenye karata. Nazo karata hazikukubali kubaki zile za shupaza na kopa walizotoka nazo Duniani. Zikatiwa viini, vidude vyembamba kuliko ukucha vyenye akili ya kusikia na kujifunza. Kila karata ikawa na tabia yake. Watu wakazikusanya, wakabadilishana, wakanuniana na wake zao kwa ajili yake, na mwisho ikaundwa ligi.

Hakuna karata mpya iliyoingia kwenye ligi hiyo bila kupita mezani kwa Nakiete Mmbaga.

Nakiete alikuwa mpimaji mkuu, mwanamke wa makamo ambaye ukoo wake ulitoka Usangi, kwenye milima ya Upare. Watu walimtania kwamba Mpare, apendaye kesi kuliko chakula, kupewa kazi ya kuhukumu ni sawa na nyuki kupewa kazi ya kulinda maua, naye hakukana. Kila karata aliiuliza swali moja tu: wewe ukiingia uwanjani, mchezo utabaki mchezo? Karata yenye nguvu kupita kiasi huua mbinu zote, maana kila mtu ataibeba hiyohiyo. Iliyo dhaifu mno hujaza makabati. Iliyofaa ilipigwa muhuri. Iliyokataliwa ilifutwa kiini chake siku hiyohiyo, isije ikachezwa vichochoroni, na kiini kikifutwa hakirudi.

Asubuhi hiyo ofisini kwake kulikuwa na karata moja tu, na jina lake lilikuwa Mtani.

"Nimemaliza kuipima," ulisema Mzani, mashine iliyokaa ukutani na kucheza michezo peke yake usiku na mchana ili kujua nguvu za kila karata. "Nimecheza michezo mingi kuliko watu wote waliowahi kuishi. Mtani haikushinda hata mmoja. Haina madhara. Napendekeza muhuri."

Nakiete aliisoma tena. Maandishi yalikuwa mafupi. *Mtanie mwenzako. Akicheka, mchukulie karata moja mezani kwake, uitakayo wewe, wala asilalamike.*

"Ulimtania nani?" aliuliza.

"Nilijitania mwenyewe."

"Ukacheka?"

"Sikuona sababu."

Nakiete alishusha miwani. Akaagiza aitwe mchora karata mwenyewe.

Aikaeli Tarimo aliingia akiwa amevaa kofia ya baba yake na tabasamu la mtu anayedaiwa na hajali. Alikuwa Mchaga wa Marangu, na Wachaga na Wapare ni watani tangu milima yao ilipoanza kutazamana. Kwa hiyo hakubisha hodi, hakusalimia, na kabla hajaketi alikuwa amekwisha kujimiminia chai kutoka kwenye chupa ya Nakiete.

"Hiyo ni ya kwangu," alisema Nakiete.

"Ndiyo maana ni tamu. Yangu sijainunua bado." Aikaeli alifunga mkanda wa benchi kiunoni, kama wachezaji wote wa Kitovuni, kwa sababu huko juu mtu akipiga karata mezani kwa kishindo bila mkanda, anayepaa ni yeye. "Tucheze, mtani. Usiihukumu kwa kusoma. Karata si hati ya shamba."

Wakacheza. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza na mgumu kuucheza: kila mmoja hupanga karata zake mezani zipigane na za mwenzake, na anayebaki na meza tupu ameshindwa. Nakiete alicheza kwa utaratibu, akaipanga karata yake ya Faru mbele, akaanza kumbomoa Aikaeli taratibu. Ndipo yule bwana akaipiga Mtani katikati ya meza.

"Nimesikia jana umejigonga kidole cha mguu kwenye mlango wa bafu," alisema kwa upole. "Pole sana. Na mlango nao pole. Wanasema leo asubuhi mlango huo umepokea hati ya kuitwa mahakamani, na komeo limeandikwa kuwa shahidi."

Nakiete aliuma midomo. Akatazama dari. Akakumbuka mlango, maana ni kweli alijigonga, na ni kweli aliusemesha kwa ukali, na kicheko kikamtoka puani kwanza, kisha mdomoni, kisha tumboni. Karata ikang'aa rangi ya machungwa. Aikaeli akanyoosha mkono, akamchukua Faru, akamweka upande wake bila haraka.

"Imejuaje kama nimecheka kweli?" Nakiete aliuliza akifuta machozi. "Ningeweza kujichekesha tu."

"Jaribu."

Nakiete akacheka cha uongo. Karata ilibaki nyeusi kama sufuria.

Hapo Aikaeli akaacha mzaha kidogo. Alieleza kwamba kiini hicho alikilea mwaka mzima barazani kwa mama yake, kule Marangu, kabla hajahamia Mwezini. Majirani walipita, mama akawatania, wakacheka, na kiini kikasikiliza. Kicheko cha kweli, alisema, kinaanza kabla ya pumzi kuwa tayari. Mtu huchekeshwa huku bado anavuta hewa. Mama yake alikuwa mwalimu mzuri, kwa sababu yeye mwenyewe alicheka kwa urahisi, hata alipokuwa kitandani siku za mwisho.

"Sikurekodi sauti yake mahali pengine," alisema. "Sikujua kama nitahitaji. Iko humo tu, imechanganyika na ya majirani."

Nakiete alisema kwamba hilo halihusiani na upimaji. Aikaeli alisema anajua. Kisha akaondoka na chupa yote ya chai, naye Nakiete hakusema neno, maana mtani akichukua kitu chako anayenuna ndiye mwenye kosa.

Majaribio ya watu yalianza wiki hiyo. Wajaribu wa ofisi walikuwa wachache, na bora wao wote alikuwa Siwema, mwanamke wa Bagamoyo aliyekaa Kitovuni tangu utoto. Siwema alisifika kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyejua kuusoma mkono wa mpinzani kama yeye, na mwaka huo alitarajiwa kulichukua kombe la ligi. La pili ni kicheko chake. Kilianza na mlio kama wa birika linalokaribia kuchemka, kikapasuka, kikapita kwenye korido, na watu wa chumba cha mitambo waliosikia mlio huo walicheka bila kujua kisa.

Siku za kwanza Mtani ilimnyoosha. Wenzake waliifungua tu midomo, birika likalia, na karata zake bora zikahama meza. Chumba cha majaribio kilikuwa na furaha ambayo Nakiete hakuwahi kuiona kazini. Mtu wa usafi aliomba zamu ya ziada ili asikie. Aikaeli alikuja kutazama, akaiba mkate wa kila mtu, akasema haya ndiyo maisha.

Siwema hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kila siku. Akajifunza. Alianza kuuma ulimi. Kisha akawa anafikiria misiba. Kisha akagundua mbinu iliyo bora zaidi, nayo ni kutosikiliza kabisa: alimwangalia mwenzake mdomo ukicheza na kuyaacha maneno yapite. Uso wake ukawa mkavu kama ubao, na akaanza kushinda. Wenzake nao wakaiga. Kufikia mwisho wa majaribio chumba kilikuwa kimya, utani unatoka, utani unaanguka, karata inabaki nyeusi.

"Matokeo ya watu yamekamilika," ulisema Mzani. "Mwanzo karata ilikuwa na nguvu mno. Sasa wachezaji wameijulia dawa. Kwa ujumla inashinda nusu na kushindwa nusu. Sijawahi kupima karata iliyosawazika hivi. Napendekeza muhuri."

Hesabu zilikuwa safi. Nakiete alizipitia akitafuta kosa, asilione, na akashangaa kwa nini roho yake haitulii. Akaenda kula.

Kantini siku hiyo walipika makande. Aikaeli alikuwa amesimama mbele ya meza ya wajaribu akiwasimulia juu ya mjomba wake aliyerudi Marangu Krismasi na gari la kukodi, akalipaki mahali penye mwinuko makusudi ili watu waone akilisukuma wajue ni zito. Kisa kilikuwa kizuri. Nakiete alicheka peke yake. Wajaribu walimtazama Aikaeli kwa nyuso za ubao, wakaendelea kutafuna. Hawakuwa wamekasirika. Walikuwa wamezoea.

Siwema alimfuata Nakiete kwenye korido.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nina neno, lakini si la kupeleka kwenye ripoti." Siwema alishika kamba ya ukutani asielee. "Juzi binti yangu kaniimbia wimbo wa chura aliyekosa suruali. Anaucheza na miguu kabisa, anajipinda. Mimi nikamkazia uso. Wallahi sikukusudia, mama, uso ulijikaza wenyewe. Akaacha kucheza. Akaniuliza, 'Mama, nimekosa nini?'"

Nakiete naye alishika kamba.

"Kombe nalitaka," Siwema aliendelea. "Nimelitaka tangu niko mdogo. Ukiipiga muhuri, kila mtu ataibeba Mtani, na atakayeshinda ni yule asiyecheka. Basi nitafanya hivyo. Nitafanya mazoezi ya kutocheka asubuhi na jioni, na nitashinda. Nilitaka tu ujue." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likatoka nusu.

Nakiete alirudi ofisini akafunga mlango, safari hii bila kujigonga. Sasa alikuwa amelijua lililomkera. Karata ilikuwa na usawa, kweli, lakini usawa huo ulilipiwa na watu. Watoto wa shule za karata wangefundishwa kuuma ulimi. Karata ya kicheko ingeua kicheko mji mzima, na Mzani usingeona kitu, kwa sababu meza zingebaki nusu kwa nusu. Kuikataa nako kulikuwa na gharama yake: kiini kingefutwa kabla ya chakula cha jioni, na mama wa Marangu angenyamaza mara ya pili. Alijikuta analia kidogo, akajikaripia, akalia tena.

Njia ya tatu ilikuwepo, nayo ilikatazwa. Mchora karata aliruhusiwa kubadili maandishi yake mpaka dakika ya muhuri. Lakini mpimaji hakuruhusiwa kumwambia nini cha kubadili. *Mpimaji hapendekezi*, ilisema kanuni ya kwanza kabisa, na ilitungwa kwa sababu zamani walikuwapo wapimaji waliotengeneza karata za marafiki zao na kuvunja za maadui. Nakiete aliiheshimu kanuni hiyo kuliko alivyoiheshimu afya yake. Na akubali asikubali, Aikaeli alikuwa mtani wake. Ndugu hakuwa, adui hakuwa, lakini alikuwa mtu wake.

Hapo basi Upare ukaamka ndani yake. Alikitoa kitabu cha kanuni, akajimiminia maji maana chai hakuwa nayo, akaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza kwa raha ya mtu aliyekaribishwa karamuni. Akiwa katikati ya kusoma alikumbuka msiba wa bibi yake, Usangi, akiwa msichana. Watani wa Kichaga walikuja na kelele. Walimkamata jogoo wa marehemu, wakabeba sufuria la makande likiwa bado motoni, mmoja akalala mlangoni akisema jeneza halitoki mpaka apewe blanketi. Nakiete mdogo alikasirika sana. Kisha akaona jambo ambalo hakulielewa mpaka alipokuwa mtu mzima, nalo ndilo lililomfanya sasa ainuke kitini bila mkanda na kugonga kichwa kwenye rafu.

Alipunguza kasi, akashuka, akatafuta kanuni moja. Ilikuwepo. *Mpimaji anayo haki ya kucheza mchezo mmoja na mchora karata mbele ya watu, kwa karata inayopimwa, na katika mchezo huo yeye ni mchezaji kama wengine.*

Ukumbi ulijaa. Siwema alikaa mbele na uso wake wa ubao. Aikaeli alifunga mkanda akiwa mnyonge kidogo, kwa sababu habari za kantini naye alikuwa ameziona, hata kama hakujua afanye nini nazo.

Walicheza polepole. Nakiete alingoja mpaka alipoishika Mtani mkononi, akaipiga mezani kwa kishindo hadi benchi likalia.

"Mchaga ni Mchaga tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mahakamani. "Bibi yangu alipofariki, watani wa Marangu walikuja Usangi. Wakachukua jogoo. Wakachukua sufuria la makande, na makande yenyewe ndani. Wakalala mlangoni wakataka blanketi. Sawa, ni haki yao! Lakini baada ya hapo, Aikaeli, walioshika majembe wakachimba kaburi ni akina nani? Waliochota maji, wakapika, wakaosha vyombo vya msiba mzima? Waliotuachia mikungu ya ndizi tukala mpaka tukachoka? Ni walewale. Sasa wewe, mtoto wa Marangu, umekaa chini mwaka mzima kuandika utani. Ukaandika 'mchukulie'. Ukaandika 'wala asilalamike'. Ukafika kwenye sehemu ya kutoa," akainua kidole, "wino ukaisha!"

Kisha Aikaeli akacheka. Alicheka akiwa bado anavuta hewa, akakohoa, akajipiga paja, na karata ikang'aa rangi ya machungwa mpaka kwenye kuta. Katikati ya kicheko hicho hicho macho yake yakabadilika. Akamtazama Nakiete. Nakiete akatazama pembeni, akajifanya anapangusa miwani.

"Nipeni kalamu," alisema Aikaeli.

"Pingamizi," ulisema Mzani. "Mpimaji amependekeza."

"Nimemtania," alisema Nakiete. "Karata yenyewe imeniagiza. Soma maandishi."

"Kama ni utani, alipaswa kucheka."

"Uliza karata."

Mzani uliiuliza karata, na karata ikajibu.

"Ni mchezo halali," ulikiri Mzani.

Aikaeli aliandika mstari mmoja chini ya maandishi ya zamani, kwa mwandiko wa haraka. *Naye aliyecheka avute karata mbili mpya.*

Alikuwa amemchukulia mtu jogoo akamwachia vifaranga wawili. Wachezaji waliokuwa ukumbini walianza kunong'ona, na ungeweza kuona vidole vyao vikipiga hesabu. Ukicheka unapoteza karata yako bora. Usipocheka unabaki nayo, lakini umekataa mbili ambazo pengine ni bora zaidi. Anayetania lazima achekeshe kweli, la sivyo hapati kitu. Anayetaniwa hajui hata yeye mwenyewe kama anataka kujizuia.

"Nani ana nguvu sasa?" Nakiete aliuliza ukutani.

"Sijui," ulisema Mzani. "Inategemea mtu."

"Siwema, njoo tucheze."

Siwema alikuja akaketi. Hakukumbuka mkanda. Walicheza karata chache, Nakiete akaipiga Mtani, akainama na kumsemesha kwa sauti ya chini ambayo watu wa mbele tu ndio waliisikia. Hakutania Bagamoyo, wala hakutania kombe. Mama mpimaji mkuu, mwenye nywele za mvi na miwani, aliimba wimbo wa chura aliyekosa suruali, na akajipinda.

Uso wa ubao ulishikilia. Ulishikilia kidogo tena. Kisha kwa mbali, ndani kabisa, birika likaanza kulia.

Kicheko kilipopasuka kilimnyanyua. Siwema alipaa kutoka kwenye benchi akiwa ameshika tumbo, akapinduka taratibu hewani, akafika kwenye paa huku karata zake zikielea pembeni, na huko juu akaendelea kucheka mpaka ukumbi mzima ukaanguka naye, yaani ukapaa naye, kwa sababu si yeye peke yake aliyesahau mkanda. Watu wa chumba cha mitambo walisikia. Binti yake, aliyekuwa amekaa nyuma, alipiga kelele, "Amerudi!" na hakuna aliyemsahihisha kwamba mama hakuwa amekwenda popote.

Nakiete akainua muhuri, akaupiga.

Kesho yake Nakiete Mmbaga alifungua shauri dhidi ya Nakiete Mmbaga, akidai kwamba mpimaji alikuwa na utani na mchora karata. Alijishtaki vikali, akajitetea vizuri zaidi, na baraza la ligi likamwona hana hatia baada ya kuomba mapumziko mara kadhaa. Watu waliohudhuria wanasema hawajawahi kumwona mwenye furaha kiasi kile.

Alitoka humo akaenda kantini na njaa yake. Akachukua sahani ya makande, akakaa. Aikaeli alipita nyuma yake, akanyoosha mkono, akaichukua sahani nzima bila kusimama wala kusalimia. Nakiete alifungua mdomo aseme neno. Alipotazama mezani, mahali pa sahani palikuwa na ndizi mbivu mbili na chupa yake ya chai, imejaa, bado ya moto.